Kidonge cha chai na daftari la kalori

Kwa muda sasa, siku ya soko hapa Nyangwe, katikati ya chumvi, sabuni, betri na samaki za Wagenya, kuna kitu kipya: vidonge vidogo vyeupe, vimefungwa kumi-kumi katika kipande cha sasheti. Muuzaji anakuambia: "Hii njo sukari ya wenye ugonjwa wa sukari. Haiko na sukari ndani." Ukimuuliza jina lake, hajui. Ukimuuliza kikopo chake kiko wapi, anacheka: kilibaki kwa tajiri, yeye alipimiwa tu. Unalipa franka zako, unaenda.

Wanaovinunua ni sisi wenyewe. Mama wa mchimbaji ambaye mtoto wake alimtumia pesa toka Salamabila. Bibi ya negosia ambaye bwana yake amenenepa kwa kukaa mbele ya mizani ya dhahabu toka asubuhi mpaka magaribi. Mzee ambaye munganga alimkataza sukari. Na sasa kumeingia mtindo mwingine: watoto wetu walioko Bukavu na Goma wanatutumia kwa simu programu ya kuhesabu kalori. Unaandika kila kitu ulichokula, simu inajumlisha. Wasio na simu nzuri wanafungua daftari. Katika familia yetu ulizo likatokea: kidonge cha chai tukihesabu kalori ngapi? Na kile kipakiti cha unga mweupe? Na asali je?

Tuligombana juu ya hiyo usiku mzima, kila mtu na hesabu yake. Leo tunaona tulikuwa tunauliza jambo la mwisho kabla ya la kwanza, na tutawaelezea namna gani tulijua, kwa sababu ndugu wengi walioko katika kariere wanaweza kupatikana na mambo yale yale.

Kaka yetu mkubwa anachimba upande wa Kabambare. Jina lake libaki nyumbani. Walipomkuta na ugonjwa wa sukari, alipewa vidonge vya glibenklamidi, dawa ya zamani, ya bei nafuu. Wengi wenu munaijua. Bibi yake ni mtu wa bidii. Alitoa sukari yote ndani ya nyumba ya kambini, akaweka hivi vidonge vya chai, akafungua daftari. Kila asubuhi aliandika: chai, zero.

Siku moja kaka alimeza dawa yake saa kumi na moja ya asubuhi, akanywa chai yake ya zero, akashuka shimoni bila kula, maana zamu ilikuwa inaanza na bugali haijaiva. Kufika saa ine, wenzake wakamuona anatoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayana kichwa wala miguu. Mmoja akasema amelewa. Mwingine akasema ni mizimu ya shimo. Wakamvuta juu. Bibi yake akakimbia na kikombe cha chai tamu, tamu sana, vidonge vine ndani. Kaka akanywa. Hakuna kitu kilibadilika. Akazidi kulegea.

Aliyemuokoa ni mama mmoja anayewapikia wachimbaji, ambaye mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa ule ule. Alikuja na sukari yenyewe, vijiko vine katika kikombe cha maji, akamwambia: "Baba, kunywa hii. Kunywa yote." Robo saa haikupita sana, macho yakarudi. Wakamlisha bugali, wakampandisha pikipiki mpaka kituo cha afya. Kule wakaambiwa walifanya vema kumleta, hata kama alikuwa ameamka, kwa maana dawa ile inakaa mwilini muda mrefu na sukari ya damu inaweza kushuka tena usiku.

Zero ya daftari ilikuwa zero ya kweli. Chai ile haikuwa na kalori, njo maana haikumsaidia. Vidonge hivi vinadanganya ulimi, lakini damu haivijui. Mtu anayemeza glibenklamidi, ao anayejidunga insulini, akikosa kula na akifanya kazi nzito, sukari ya damu yake inashuka mpaka ubongo unakosa chakula. Hapo anahitaji sukari ya kweli: gramu 15 mpaka 20, maana yake vijiko vidogo vine ao vitano ndani ya maji, ao nusu ya chupa ndogo ya sukre ya kawaida. Si sukre iliyoandikwa "zero" wala "light". Mungoje dakika 15. Kama bado anatetemeka, murudilie. Kisha ale chakula. Na kama amezimia, asimwagiwe kitu mdomoni, kitaingia katika mapafu: alazwe ubavu na apelekwe mbio.

Tungependa hii iandikwe mbele ya kila shimo, na sukari yenyewe iwepo pale, ndani ya chupa yenye kifuniko, kando ya kamba na tochi. Mapedeje wanaotoa pesa za pampu na za mafuta hawatashindwa na kilo moja ya sukari.

Sasa turudi kwa ulizo lenyewe, maana halikuwa ulizo la ujinga.

Kalori ni kipimo cha nguvu. Ile tunayohesabu katika chakula, inayoandikwa "kcal", ni joto linalotosha kupandisha lita moja ya maji kwa digri moja. Kwenye vikopo wanaandika pia "kJ", na hapo wengi wanapotea. Shangazi yetu aliona "17 kJ" kwenye kipakiti cha sukari bandia akashtuka, akasema wametudanganya. Hapana, shangazi. Kcal moja ni kama kJ 4 na kidogo. Hizo 17 ni kalori 4 tu.

Sukari ya kawaida iko na kalori 4 kwa kila gramu. Kijiko kidogo kisawa, si kile cha kilima tunachotia sisi, kinabeba gramu 4, basi kalori 16. Kikombe cha vijiko vitano ni kalori 80. Vikombe vitatu kwa siku ni 240, na gramu 60 za sukari. Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongeza isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za siku. Kwa mtu anayekula kalori 2 000, hiyo ni gramu 50. Basi mama anayekaa dukani na kunywa vikombe vitatu vya namna yetu amekwisha kuvuka, na hajagusa beinye wala sukre.

Kidonge kidogo cha sakarini ao cha aspartame hakifiki hata kalori moja. Sakarini ni ya zamani kabisa: iligunduliwa mwaka wa 1879 kule Baltimore, Marekani, na mtu aliyetoka katika maabara bila kunawa mikono vizuri akashangaa mkate wake umekuwa mtamu. Mwili hauitumii, inapita na kutoka na mkojo. Aspartame ni kitu kingine: yenyewe iko na kalori 4 kwa gramu, sawa na sukari. Lakini utamu wake unapita ule wa sukari mara 200 hivi, basi unatia kidogo sana, hesabu inapotea. (Na usiipikie ndani ya uji: moto unaua utamu wake. Tia wakati umekwisha kuepua.)

Vipakiti vya unga ni habari nyingine kidogo. Kwa kuwa sukari bandia yenyewe ni ndogo kama chembe ya mchanga, wanaichanganya na unga wa kujaza, mara nyingi dekstrozi ao maltodekstrini, ambazo ni sukari na wanga wa kawaida. Kipakiti cha gramu moja kinafika kalori 3 ao 4. Kule Marekani sheria inaruhusu kuandika zero kama kipimo kimoja hakifiki kalori 5. Mwenye kutia vipakiti viwili katika kila kikombe, vikombe vitano kwa siku, anaweza kuwa amekula kalori 30 ao 40 alizoandika zero. Ni kweli. Lakini tuulizane: 40 ni nini? Ni vijiko viwili na nusu vya sukari. Ni njugu chache tu mkononi.

Kuna pia zile zinazoitwa polioli, zinazowekwa ndani ya bomboni na shwingamu "sans sucre": sorbitoli, maltitoli, ksilitoli. Hizo si zero hata kidogo, ziko na kalori 2 na zaidi kwa gramu, karibu nusu ya sukari, na ukila mingi tumbo linaharisha. Ksilitoli inaua mbwa. Wawindaji wenye mbwa waweke shwingamu zao mbali.

Na asali ya pori, ile tunayoambiana kwamba ni dawa, kwa hiyo haihesabiwi? Kijiko kidogo cha asali kiko na kalori 20 hivi, kuliko kijiko cha sukari, maana asali ni nzito. Inapandisha sukari ya damu. Tunaipenda, tunaitafuta, tunaiuza, lakini mgonjwa wa sukari ahesabu asali kama sukari.

Tumeyasema haya yote ili tuseme maoni yetu: kuandika kalori za kidonge cha chai ni kupoteza wino. Tulichukua daftari la shemeji yetu tukalisoma ukurasa kwa ukurasa. Chai, zero, kila siku, mwandiko mzuri. Lakini bugali iliandikwa "sahani moja". Sahani gani? Unga wa muhogo, gramu 100 zake ni kalori 340 na zaidi, na sahani ya mchimbaji inakula gramu 200 bila aibu. Ile sahani moja ilikuwa 700. Sombe haikuandikwa kabisa, "ni majani tu". Majani, ndiyo, lakini yanaogelea katika mafuta ya ngazi, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120. Beinye za njiani hazikuwamo. Ile sukre ya jioni haikuwamo, chupa ya sentilita 33 yenye gramu 35 za sukari, kalori 140. Na ile ingine ya jioni ambayo haitajwi mbele ya wazee, pombe, iko na kalori 7 kwa kila gramu ya alkoli. Tulicheka, naye akacheka.

Tena kuna hii: hesabu ya nani? Mwanaume wa kilo 65 anayechimba, anayebeba mifuko na kuponda mawe kutwa, anahitaji kalori 3 500 hivi kwa siku, na siku zingine zaidi. Wengi wa wadogo zetu kule hawazipati. Wamekonda, mbavu zinaonekana. Kijana wa namna hiyo akianza kunywa chai ya vidonge kwa sababu aliona mtu katika simu anasema sukari ni sumu, anajinyima nguvu pasipo sababu. Kwa yeye ni afadhali chai ya sukari ya kadiri, na njugu, na maharagi, na samaki kama iko. Lakini negosia yule wa mizani, anayekaa kwenye kiti, anatosheka na kalori 2 200 hivi, naye njo anakula sahani ile ile ya mchimbaji kwa sababu alichimba zamani na tumbo halijasahau. Kwa yeye kubadilisha vijiko kumi na tano vya sukari ni faida, hatukatai. Asifikiri tu kwamba kidonge kimemlipia beinye tatu. Tumeona hiyo mara nyingi: mtu anatia kidonge katika chai kwa heshima kubwa, kisha anajiongezea bugali kwa kuwa "leo nimepunguza".

Labda njo sababu, mwezi wa tano 2023, Shirika la Afya la Dunia lilishauri watu wasitumie hizi sukari bandia kama njia ya kupunguza uzito: kwa muda mrefu hawakuona faida yake kwa kunenepa. Watu walisambaza habari hiyo nusu-nusu, wakawatisha wagonjwa. Shauri lile halikuwahusu wale waliokwisha kuwa na ugonjwa wa sukari. Kwa mgonjwa, kidonge bado kinaweza kumsaidia kuacha sukari bila kuichukia chai. Mwezi wa saba mwaka ule ule kukatoka ingine: aspartame imewekwa katika kundi la vitu ambavyo pengine vinaweza kuleta kansa. Waliosoma mpaka mwisho waliona kwamba kipimo cha siku hakikubadilika, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni zaidi ya vidonge 100 vya chai kwa siku moja. Anayekunywa chai ya vidonge 100, shida yake haiko kansa.

Linalotuumiza zaidi ni watoto. Kuna nyumba ambamo baba ni mgonjwa, basi mama, kwa upendo na kwa kupunguza matumizi, anatia vidonge katika uji wa nyumba yote. Sukari inapanda bei kila barabara inapoharibika. Tangu kiwanda cha Kiliba, karibu na Uvira, kiliposimama wakati wa vita ya 1996, hapa kwetu sukari tunaingoja toka mbali, na kidonge kinaonekana kuwa nafuu. Lakini mtoto wa miaka miwili anatafuta nguvu katika uji ule. Ukimtolea sukari na kumtilia kidonge, umempa maji matamu. Kama sukari haipatikani, sawa, acha. Tia njugu za kusaga, tia mafuta kijiko, tia ndizi iliyoiva. Utamu wa bure usiwadanganye mama zetu: ulimi wa mtoto unashiba, damu yake haishibi.

Wengine watatuambia: nyinyi munatetea sukari. Hapana. Sisi watoto wa Nyangwe tumekulia katika chai tamu. Waungwana wa pwani walituachia mpunga, na lugha hii, na kwa wengi wetu dini. Futari bila chai ya kunata midomo haijakuwa futari. Tunajua ile tabia inatudhuru, tunaona miguu inayokatwa na macho yanayozimika kabla ya uzee. Mwenye kushuka toka vijiko vitano mpaka vine, kisha vitatu, kidogo-kidogo, ulimi unazoea kwa majuma machache tu, na hahitaji kidonge chochote. Hiyo njo njia tunayoipenda, maana haina kikopo wala bei. Na tukiwa tumetaja futari: mgonjwa anayemeza glibenklamidi ao anayejidunga insulini aende kuonana na munganga kabla Ramadhani haijaingia. Kumeza dawa ya daku na kufunga mpaka magaribi bila kubadilisha kipimo, ni hadithi ile ile ya kaka yetu shimoni.

Kitu kimoja tunaomba kwa wauzaji wetu, na hatuombi kikubwa. Musifungue vikopo. Uzeni kikopo kizima, ao kama mutu hana pesa, mumkatie na karatasi yenye jina. Kuna watu, wachache lakini wapo, waliozaliwa na ugonjwa usiowaruhusu kabisa aspartame, na ni kikopo kinachowaambia. Kuna vidonge ambavyo si vya chai: tulishaona dawa nyeupe, ndogo, za umbo lile lile, zimelala katika bakuli moja na sukari bandia, muuzaji ni mtoto wa miaka kumi. Wenzetu wa zoni ya afya wakipita sokoni kuangalia dawa, wapitie pia meza hizo.

Pori letu lenyewe liko na utamu wake. Katika misitu ya Kongo, mpaka Afrika ya Magharibi, unaota mmea wa jamii ya yale majani ya kufungia chikwange, wataalamu wanauita Thaumatococcus daniellii. Tunda lake jekundu liko na protini, taumatini, tamu kuliko sukari zaidi ya mara 2 000. Viwanda vya Ulaya vinaitumia. Iko siku mtu atatuuzia hiyo pia sokoni, kumi-kumi katika sasheti, na kutuambia imetoka mbali.

Kaka alirudi kazini kisha juma mbili. Munganga alimpunguzia dawa na kumkatalia kuimeza kabla chakula hakijawa mbele yake. Shemeji hakuacha daftari. Sasa anapima unga kwa gobele na kuandika mafuta kwa vijiko, na mahali pa chai ameacha wazi. Vidonge bado viko nyumbani. Lakini katika mfuko wa shati ya kaka kuna kifundo kidogo cha sukari ya kweli, vijiko vitano, kimefungwa katika plastiki mbili sababu ya maji ya shimoni, na juu yake shemeji ameandika kwa biki: usitie ndani ya chai.